Tiger au T-34: nani alikuwa bora?

Hivi ni vifaru vya Vita vya Pili vya Dunia: Tiger ya Wajerumani na T-34 ya Warusi. Kwa pambano la ana kwa ana uwanjani, jibu ni Tiger. Bamba lake la mbele lilikuwa na unene wa mm 100, na mzinga wa mm 76 wa T-34 ya 1942 haukulipenya. Warusi walilazimika kuzunguka na kulenga ubavuni, hasa sehemu ya chini nyuma ya magurudumu, yenye mm 60 tu.

Bamba la mbele la T-34 ni mm 45, ila limelazwa nyuzi 60 kutoka wima, hivyo risasi inayokuja mlalo hukuta kama mm 90 za chuma. Udhaifu wake halisi ulikuwa ndani: mnara (sehemu ya juu inayozunguka na kubeba mzinga) ulikuwa wa watu wawili, kamanda ndiye mlenga shabaha pia. Atatazama uwanja saa ngapi? T-34-85 ya 1944 ilileta mzinga wa mm 85 na nafasi ya mtu wa tatu.

Tiger ilishindwa na uzito wake, tani 57 hivi. Magurudumu yalipandana, na wakati wa baridi kali tope liligandia katikati yake hadi kifaru kikakwama. Kubadilisha gurudumu la ndani kulimaanisha kung'oa ya nje kwanza. Kwenye treni walivua cheni zake za kutembelea zenye upana wa sentimita 72 na kufunga za sentimita 52, la sivyo kilizidi upana wa behewa. Tena Tiger zilitengenezwa chini ya 1,400, wakati T-34 zilihesabiwa kwa makumi ya maelfu.