Mama wa watu chini ya kichwa cha lutuku

Juzi kijana mmoja wa Katuba, mpangaji wa kurasa za vitabu kama mimi, aliniandikia: "Yaya, kitabu iko na faili kenda, vichwa vya juu kenda, na kila kimoja iko na bujinga yake." Vichwa vya juu ni yale majina yanayorudiwa juu ya kila ukurasa. Nilicheka, halafu tumbo likaniuma. Nilikumbuka kitabu cha mzee mmoja hapa Lubumbashi.

Mzee aliandika maisha ya familia yake katika kambi ya wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi. Sura kumi na nne, kila sura faili yake. Kurasa za kushoto zilibeba jina la kitabu, za kulia jina la sura, nami nililiandika kwa mkono ndani ya gabari, yaani ukurasa mama: ukiandika kitu humo, kinajirudia kwenye kurasa zake zote. Sura ya nne ilitoka vizuri sana. Nikanakili faili yake, nikafuta matini, nikamwaga sura ya tisa. Gabari sikuigusa.

Sura ya nne iliitwa "Lutuku na Ugomvi Kambini"; lutuku ni pombe kali ya kienyeji. Ya tisa ilimhusu marehemu mama yake.

Nakala 300. Siku ya kuzitoa, mzee alifungua mbele ya wajukuu, akanyamaza, akaniita pembeni: "Mwanangu, mama yangu hakunywa hata munkoyo." Munkoyo ni kinywaji chetu laini cha mahindi.

Sura yenyewe ilikuwa kurasa 22, lakini imprimeri inachapa kwa mikunjo ya kurasa 16, nayo ilikuwa imelalia miwili. Tukachapa upya kurasa 32 mara 300, karatasi juu yangu. Na wale walionitafutia kazi ile mpaka leo wananisalimia kwa kidevu tu. Sawa.

Sasa sikilizeni. Jina la sura usiliandike juu ya ukurasa, hata kama faili ni mbili. InDesign, programu ya kupanga kurasa, ina variabo ya matini ya vichwa vya kurasa: unaielekeza kwenye mtindo wa aya (mpangilio wa herufi uliopewa jina) wa jina la sura, unaiweka ndani ya gabari, nayo inasoma jina pale lilipo na kulirudia juu. Ukibadilisha jina, juu panabadilika penyewe. Mimi naiita kioo.

Kisha kusanya faili zote katika faili moja ya kitabu, chagua sura moja iwe chanzo, na usawazishe nyingine kwayo. Kwenye machaguo hakikisha gabari na variabo zimetiwa alama. Mitindo peke yake haitoshi. Nakili folda nzima kwanza, maana faili zilizofungwa programu inazifungua, inazibadilisha na kuzihifadhi, na hapo hakuna kurudi nyuma. Jina la sura likiwa refu, litazame kwa jicho, kioo kinaweza kulibana katika mstari mmoja mpaka herufi zikose pumzi.

Nyinyi vijana mnapenda kuonyesha jalada. Jalada! Nani alikosana na mzee kwa sababu ya jalada? Andikeni mitindo kwa majina yaleyale katika kila faili, na mkinakili sura, anzeni na gabari. Narudia: gabari.

Yule wa Katuba alinitumia faili zake jana usiku. Nane zilikuwa na mtindo "Kichwa Sura". Ya tisa, "Kichwa cha Sura", kioo hakikuuona, na juu ya kurasa zake zote za kulia palikuwa peupe. Nimemwambia ashukuru: peupe hapamtukani mama wa mtu.