Maji ya Jirani, Hasara ya Nani? Maswali ya Wapangaji

Jirani wa ghorofa ya juu alifungua mfereji maji yakiwa yamepotea, akaenda kazini bila kuufunga. Yaliporudi yalipenya dari, yakaharibu godoro, runinga na laptopu yangu. Anasema ni ajali tu. Nimdai? (Pipeline, Nairobi)

Mdai, dada. Hakukusudia, sawa, lakini swali la sheria ni kama alichukua tahadhari ambayo mtu makini angechukua. Mkazi wa Pipeline anajua maji hupotea na kurudi bila kubisha hodi. Kuacha mfereji wazi na kuondoka ni uzembe.

Ila usianze na makelele ya ngazini. Kabla hujaanika godoro, piga picha za dari, ukuta na kila kilicholowa. Mwite mwangalizi wa ploti ajionee. Fundi akuandikie kilichoharibika na gharama ya kukitengeneza. Kisha mtumie jirani ujumbe wa simu, kwa heshima, ukitaja hasara yote. Akijibu, "Pole, nitakulipa mwisho wa mwezi," usiufute kamwe. Kesi nyingi za ploti huanguka kwa sababu kila kitu kilisemwa mlangoni na hakuna kilichoandikwa.

Runinga niliinunua 45,000 miaka minne iliyopita. Nidai hizo hizo?

Hapana. Unadai gharama ya kuitengeneza, na ikiwa haitengenezeki, thamani yake siku ilipoharibika. Uliza bei ya iliyotumika kama hiyo. Ukipandisha bei ya runinga, hata godoro lako halitaaminiwa.

Kwangu jirani hakufanya kosa. Bomba lililochakaa lilipasuka ukutani, na mwenye nyumba tulimwambia mapema. Nikate hasara yangu kwenye kodi? (Kisauni, Mombasa)

Jirani mwache, mdai mwenye nyumba, na ule ujumbe wa kumwarifu kuhusu bomba ndio silaha yako. Kodi lakini endelea kulipa, isipokuwa mmekubaliana kwa maandishi. Ukiikata kwa uamuzi wako, mazungumzo yataacha bomba yahamie kwenye deni lako, na dalali anayekuja kukamata mali kwa deni la kodi hana habari na dari yako.

Polisi waliandika kwenye OB (kitabu cha matukio cha kituo), kisha wakasema hawawezi kumlazimisha jirani anilipe. Wamehongwa?

Si lazima. Kuharibu mali ya mtu kwa makusudi ni jinai, lakini uzembe kama huu ni madai ya kawaida kati yenu wawili. Hiyo nambari ya OB itunze, inathibitisha tarehe.

Jaribu kwanza kwa chifu au naibu wake. Mkielewana, andikeni kiasi na tarehe za malipo, mtie sahihi wote. Akikaidi, nenda Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, yakiwemo ya mali iliyoharibiwa, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu ifunguliwe. Unaweza kujiwakilisha mwenyewe, kwa Kiswahili, bila wakili. Usikawie: madai ya uzembe wa namna hii yana kikomo cha miaka mitatu. Na ujue jina lake kamili na anakofanya kazi kabla hajahama usiku, maana hukumu dhidi ya mtu asiyepatikana haikununulii godoro.

Mtoto wa jirani alivunja kioo cha simu yangu kwa mpira. Mzazi analipa?

Si kwa sababu tu ni mzazi. Ni lazima uonyeshe kwamba yeye mwenyewe alizembea kumwangalia. Kwa kioo cha simu, mimi ningeomba nusu ya gharama, kwa upole, na kuikubali.

Nimeshika mtungi wake wa gesi mpaka anilipe. Nimekosea?

Ndiyo. Mrudishie leo, mbele ya mwangalizi. Ukiendelea kuushika, atakayeitwa kituoni ni wewe, na safari hii polisi hawatasema haiwahusu.