Jibu: Uanze na dokumentari ipi

Ndugu, umeuliza uanze na ipi kati ya dokumentari zinazoonyesha filamu kubwa zikitengenezwa kwa taabu. Anza na Burden of Dreams ya Les Blank, ya mwaka 1982. Inamfuata mwongozaji Werner Herzog kwenye misitu ya Peru akipiga filamu yake Fitzcarraldo, ambamo alishikilia kwamba meli halisi ivutwe kupandishwa kilima. Tayari Jason Robards, mwigizaji mkuu, alikuwa ameugua na kuondoka, ikabidi waanze upya na Klaus Kinski. Watazame sana wenyeji walioifanya ile kazi ya matope na nyaya. Kwangu mimi wao ndio moyo wake, kuliko hata mwongozaji.

Kisha Hearts of Darkness (1991), kuhusu Apocalypse Now, filamu ya vita iliyopigwa Ufilipino. Tufani ilibomoa seti, mwigizaji mkuu Martin Sheen akapata mshtuko wa moyo. Picha za kule nyingi alizichukua Eleanor Coppola, mke wa mwongozaji, ndiyo maana hofu ya mumewe inakufikia kwa karibu namna ile.

Ya mwisho, Lost in La Mancha, itakuuma: filamu ya mwongozaji Terry Gilliam inavunjika siku chache tu baada ya kamera kuwashwa. Aliikamilisha baadaye, ikaonyeshwa 2018.