Taa ya njano: nisimame au nipite?

SWALI: Mhariri, huu ni mwaka wangu wa nne wa kuendesha gari, lakini taa ya njano bado hunitia wasiwasi. Wiki iliyopita nilifunga breki ghafla ilipowaka, na gari la nyuma nusura linigonge. Rafiki yangu anasema ningepita. Kaka yangu anashikilia kwamba njano ni amri ya kusimama. Nani yuko sahihi?

JIBU: Ndugu msomaji, kaka yako yuko karibu zaidi na sheria za nchi nyingi. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu alama na ishara za barabarani unamtaka dereva asivuke mstari njano inapowaka, isipokuwa ameshaukaribia kiasi kwamba hawezi kusimama kwa usalama. Katika majimbo mengi ya Marekani, hata hivyo, dereva huruhusiwa kuingia kwenye makutano maadamu nyekundu haijawaka, na huko rafiki yako angekuwa na hoja.

Lakini sheria peke yake haimalizi shida yako, maana shida yenyewe ni ya mita na sekunde. Chukua gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa. Dereva huhitaji kama sekunde moja kuiona taa na kuuhamisha mguu kutoka kwenye mafuta hadi kwenye breki, na kabla breki hazijashika, gari limeshakwenda mita 14. Akizifunga taratibu, bila abiria kurushwa mbele, litasimama baada ya mita nyingine 32 hivi. Jumla ni mita 46. Ikiwa njano huwaka kwa sekunde 3 tu, gari hilohilo litakwenda mita 42 kabla ya nyekundu. Basi aliye mita 44 kutoka kwenye mstari hawezi kusimama kwa utulivu, wala kuufikia kwa wakati, hata awe hodari namna gani. Watafiti Denos Gazis, Robert Herman na Alexei Maradudin walilichambua tatizo hili kwa hesabu mwaka 1960, nao walionyesha kwamba muda wa njano ukipangwa mfupi mno, dereva mwaminifu hubanwa bila kosa lake.

Kwa kilomita 60 kwa saa, pengo hilo la mita 4, yaani kati ya 42 na 46, huwa mita 13; kwa kilomita 40, halipo kabisa. Kwa hiyo uamuzi ufanye kabla njano haijawaka. Unapoikaribia taa ya kijani iliyokwisha kuwaka kwa muda, ondoa mguu kwenye mafuta, tazama kioo cha nyuma, kisha chagua nguzo moja kando ya barabara, mahali pa mwisho unapoweza kusimama taratibu: njano ikikukuta hujaifikia, simama, ikikukuta umeshaipita, endelea bila kusita na bila kuongeza mwendo. Barabara ikiwa na maji, au lori likikufuata kwa karibu, punguza mwendo mapema zaidi, ili yule wa nyuma naye apate nafasi ya kusimama. Wiki iliyopita hukukosea kutaka kusimama. Ulichokosa ni kumjua mapema aliyekuwa nyuma yako, naye alikosea kwa kutokuachia nafasi.