Barua kwa Atupele: damu inayochelewa kwenye kichupa, ikaganda mguuni

Mwanangu Atupele,

Ugonile. Huku Uyole tuko salama, baridi tu ndiyo imeshika. Baba yako anaulizia mjukuu wake atakuja likizo lini. Nisalimie mkwe wangu.

Nimesoma ujumbe wako pamoja na ile picha ya majibu. Umeuliza: kama maabara imeandika kwamba damu yako inachelewa kuganda, imekuwaje mguu wa kushoto ukazibwa na bonge la damu, na daktari naye akakuandikia wafarini ya kuichelewesha zaidi? Ukaongeza kwamba kuna mtu hapo Njombe kakushauri uache dawa kwanza "mpaka damu irudi sawa". Hilo la mwisho nalijibu kabla ya mengine: usiache, hata siku mbili. Maabara imesema kweli na daktari amesema kweli, na kinachosababisha yote mawili ni kingamwili zilezile, yaani protini za kinga ambazo kwako zinaugeukia mwili wenyewe; ugonjwa wake unaitwa APS (antiphospholipid syndrome).

Nianze na kichupa. Protini za kugandisha damu haziwezi kufanya kazi zikiwa zinaelea. Zinahitaji pa kukalia. Mahali hapo ni mafuta yaitwayo fosfolipidi, ambayo mwilini yapo kwenye ukuta wa seli, hasa wa chembe sahani (vile vijichembe vya damu vinavyoziba jeraha) zikishaamshwa. Maabara tunaziondoa chembe sahani karibu zote, kisha tunaweka fosfolipidi ya kitendanishi, yaani ya dawa ya kupimia, tena kidogo kwa makusudi. Kingamwili zako zinaishika protini moja ya damu iitwayo beta-2 glikoproteini 1, na zikiwa zimeshikana hivyo zinakwenda kujazana juu ya zile fosfolipidi. Ni kama mtu kawahi Soko la Mwanjelwa alfajiri akazikalia meza zote: wenye nyanya wapo, wateja wapo, ila hakuna pa kupanga bidhaa. Sekunde zinaongezeka, mashine inaandika kwamba damu imechelewa.

Ndiyo maana kipimo kina hatua tatu, na kwenye karatasi yako zote zimeandikwa. Ya kwanza ni kuchuja: plazima yako, yaani maji ya damu yaliyotenganishwa na seli, inawekewa sumu ya nyoka wa Asia, wa jamii ya kifutu, iliyozimuliwa sana, sumu hiyo inaamsha moja kwa moja protini ya kugandisha namba 10. Damu ikichelewa hapo, inafuata hatua ya pili: plazima yako inachanganywa nusu kwa nusu na plazima ya watu wazima wenye afya. Kama ungekuwa umepungukiwa protini fulani, ile ya wenzako ingeziba pengo na muda ungerudi kawaida. Wako haukurudi, maana yake kuna kitu kinachozuia. Ya tatu ni kuthibitisha: fosfolipidi inaongezwa kwa wingi, meza zinawazidi wakaliaji, na muda unafupika. Ukifupika vya kutosha, hapo ndipo tunaandika "chanya".

Jina la kipimo, lupus anticoagulant, linataja lupasi (ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili) kwa sababu wagonjwa wawili walioelezwa na Conley na Hartmann kule Baltimore mwaka 1952 walikuwa na lupasi. Wewe huna lupasi, na wengi wenye majibu kama yako hawana. Usipoteze usingizi kwa hilo.

Mwilini mambo ni tofauti, kwa sababu fosfolipidi pale si mafuta yaliyomiminwa kwenye kichupa, ni sehemu ya seli hai, na seli hai ikiguswa inajibu. Graham Hughes na wenzake London ndio waliounganisha mwaka 1983 mabonge ya damu, mimba kuharibika na kingamwili hizi kuwa ugonjwa mmoja. Mwaka 1990 makundi matatu, la Sydney, la Maastricht na la Japani, kila moja kivyake, yakagundua kwamba kingamwili zenye madhara hazishiki mafuta yenyewe bali ile beta-2. Protini hiyo ina vipande vitano vilivyoungana kama mnyororo. Kipande cha tano ndicho kinachonata kwenye fosfolipidi, cha kwanza ndicho kinachoshikwa na kingamwili mbaya zaidi. Kila mtu ana beta-2 nyingi kwenye damu na haimdhuru. Balaa linaanza kingamwili moja inapozishika mbili kwa pamoja, kwa sababu zikiwa mbili zinanata kwenye seli kwa nguvu kubwa mara nyingi kuliko ikiwa moja.

Zikishanata, kila seli inaharibikiwa kwa namna yake. Ukuta wa ndani wa mshipa, ambao kazi yake ni kuwa laini na kufukuza chembe sahani, unapunguza kutengeneza oksidi ya naitriki, gesi inayousaidia kazi hiyo; njia hiyo waliionyesha watafiti wa Dallas, Marekani, mwaka 2011. Seli nyeupe aina ya monosaiti zinatoa juu yake protini inayowasha mgando. Chembe sahani zinaamka kirahisi. Na kuna hili la seli nyeupe aina ya nyutrofili, ambalo mimi ndilo lililonibadilisha namna ya kuutazama ugonjwa wenyewe: mwaka 2015 kundi la Jason Knight la Chuo Kikuu cha Michigan lilionyesha kwamba kingamwili hizi zinazifanya nyutrofili zitapike nyuzi za DNA yake zenyewe, wavu wenye kunata ambao kwa kawaida hutegwa kunasa bakteria. Wavu ule ukiwa ndani ya mshipa unanasa chembe sahani na seli nyekundu, na bonge linapata pa kuanzia. Kwa hiyo usidhani huu ni ugonjwa wa mgando peke yake. Ni ugonjwa wa kinga unaomalizikia kwenye mgando.

Sasa utauliza: kama kingamwili zipo kila siku, mbona bonge halitokei kila siku? Swali hilo limewasumbua watafiti pia. Panya wa maabara wakidungwa kingamwili za wagonjwa peke yake, mara nyingi hakuna kinachotokea. Wakiongezewa sumu ya bakteria kidogo, au mshipa ukijeruhiwa, bonge linajitokeza, na kubwa kuliko la panya asiyedungwa. Yaani kingamwili inauweka mwili tayari, na kitu cha pili ndicho kinachofyatua. Cha pili chaweza kuwa maambukizi makali, upasuaji, uzazi, sigara, vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, au kukaa bila kujongea saa nyingi. Wewe ulikuwa unameza vidonge hivyo, na bonge likaja siku chache baada ya safari ya basi kutoka Dar. Vidonge vya estrojeni usivirudie. Mwambie muuguzi wa uzazi wa mpango una ugonjwa gani kabla hajakupa chochote. Safarini, shuka Morogoro, shuka Iringa, tembea hata kama abiria wengine wanakimbilia chipsi. Ndani ya basi chezesha vifundo vya miguu, na kunywa maji ya kutosha, usiyakwepe kwa kuogopa choo cha stendi.

Daktari ametaka kipimo kirudiwe baada ya wiki 12, na hapo hajakosea. Maambukizi mengi, malaria na kaswende yakiwemo, huzalisha kingamwili zinazofanana na hizi kwa muda mfupi na kisha zinatoweka. Zako zikiwepo bado baada ya wiki 12 ndipo zinahesabiwa. Na tukiwa hapo: kipimo cha zamani cha kaswende, RPR au VDRL, kimetengenezwa kwa kadiolipini, ambayo ni fosfolipidi pia. Mtu mwenye kingamwili zako anaweza kusomeka ana kaswende wakati hana. Ikitokea kliniki, uombe kipimo cha pili kinachotafuta kingamwili za mdudu wa kaswende mwenyewe, kabla wewe na mwenzio hamjaanza kutazamana vibaya.

Kuhusu siku ya kutoa damu, simama imara, maana kipimo hiki kinaharibika kirahisi kuliko karibu vyote ninavyovijua. Kichupa ni chenye kifuniko cha bluu, na damu lazima ifike kwenye mstari: sehemu 9 za damu kwa 1 ya sitreti (maji ya kuzuia damu isigande kichupani), yaani mililita 2.7 kwa 0.3. Kikijaa nusu, sitreti inazidi na damu itaonekana imechelewa bure. Kwenye mashine ya kutenganisha damu, kisizungushwe mara moja tu. Kinazungushwa, plazima inachotwa bila kufika chini, inazungushwa tena. Lengo ni kubaki na chembe sahani chini ya 10,000 kwa maikrolita. Zikibaki nyingi halafu plazima ikagandishwa kwenye friza, zinapasuka na kumwaga fosfolipidi zake, zinazimeza kingamwili, na wewe unapewa "hasi" ya uongo. Kosa hilo nalichukia kuliko mengine kwa sababu halina dalili; karatasi inatoka safi kabisa.

Damu hiyo haiwekwi kwenye jokofu kabla ya kuzungushwa. Inatakiwa joto la chumba, kama nyuzi 18 hadi 24, na ishughulikiwe ndani ya saa 4. Njombe mwezi wa saba, meza ya dirishani asubuhi ni jokofu tosha. Kwa kuwa si kila hospitali inapima hiki kitu, plazima husafirishwa; basi isafiri ikiwa imeshazungushwa mara mbili na imegandishwa, siyo damu nzima ndani ya boksi la barafu kwenye Coaster.

Halafu wafarini yenyewe inavuruga usomaji, na heparini, dawa ya sindano ya kuzuia mgando, vilevile. Suluhisho si wewe kuacha dawa kimyakimya. Daktari na maabara wakubaliane: kingamwili za kadiolipini na za beta-2 zinapimwa kwa njia ambayo haiguswi na wafarini, hivyo hizo zirudiwe bila wasiwasi, na hiki cha nyoka kisomwe na mtu anayejua unameza nini. Andika jina la dawa kwenye fomu mwenyewe wakisahau.

Umeuliza pia kuhusu vile vidonge vipya visivyohitaji kupimwa INR, kile kipimo cha kuona wafarini imeichelewesha damu kiasi gani. Navielewa vinavyovutia, ukizingatia nauli. Lakini Italia walikilinganisha kimojawapo, rivaroksabani, na wafarini kwa wagonjwa 120 waliokuwa chanya vipimo vyote vitatu (hiki cha nyoka, cha kadiolipini na cha beta-2), kama wewe, na majibu yakatoka mwaka 2018. Kati ya 59 waliopewa rivaroksabani, 4 walipata kiharusi na 3 shambulio la moyo. Kati ya 61 wa wafarini, hakuna hata mmoja. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake. Baki na wafarini, INR kati ya 2 na 3.

Kuitunza INR hapo si kazi ya ajabu. Mboga za majani usiziache. Kula kiasi kilekile kila wiki. Shida ni wiki ya chainizi na figiri kila mlo, ikifuatwa na wiki ya nyama choma na maharage. Dawa za dukani ndizo hatari kubwa: Septrini, flajili na flukonazoli zinapandisha INR, rifampisini inaishusha sana, diklofenaki na brufeni zinachubua tumbo na kukutoa damu. Maumivu ya kawaida, parasetamoli. Na ukipimwa INR kwa kile kimashine cha tone la kidole, omba angalau mara moja kilinganishwe na damu ya mshipani siku hiyohiyo, kwa sababu kingamwili zako zinaweza kukidanganya kisome juu. Kikisoma 3.5 wakati kweli ni 2, watakupunguzia dozi, na umebaki bila ulinzi huku karatasi ikikusifu.

La mtoto wa pili. Inawezekana, ila ipangwe. Wafarini inavuka kondo la nyuma na humlemaza mtoto hasa kuanzia wiki ya 6 hadi ya 12. Hedhi ikichelewa, pima mimba siku hiyohiyo na umpigie daktari ili akuhamishie kwenye heparini ya sindano. Kwa mtu aliyewahi kupata bonge, enoksaparini, ambayo ni heparini ya sindano, hutolewa kwa uzito, kawaida miligramu 1 kwa kila kilo kila baada ya saa 12, pamoja na aspirini ndogo ya miligramu 75. Mwaka 1997 London ilionekana kwamba akina mama wenye kingamwili hizi waliokuwa wamepoteza mimba mara kwa mara, wakipewa aspirini na heparini, asilimia 71 walijifungua mtoto hai, dhidi ya 42 wa aspirini peke yake. Tena heparini haisaidii kwa kuzuia mgando tu. Kundi la Jane Salmon huko New York lilionyesha mwaka 2004, kwa panya, kwamba inazima mfumo wa kinga uitwao komplementi unaoshambulia kondo. Dawa nyingine za kuzuia mgando zilizojaribiwa pale hazikuziokoa mimba. Ukishajifungua unarudi wafarini, na kunyonyesha ruksa.

Kliniki ijayo muulize daktari mambo mawili: kimashine kililinganishwa lini, na plazima ya wiki 12 itagandishwa wapi kabla ya kusafirishwa. Akikujibu, nitumie picha ya fomu kabla hujatoa damu.

Mama yako