Pikapu yako inakurusha? Kabla hujagusa springi, pima upepo

Nna Land Cruiser pikapu, ile ya mkonga, injini 1HZ, mbele springi za koili, nyuma springi za bapa, yaani vyuma bapa vilopangwa kimoja juu ya chengine. Siku za kawaida inazunguka Chake, hapa Pemba, na watoto wa skuli na mizigo ya duka, na ikitokea kazi inafungwa tela inakwenda kuchukua boti ya mtu, mara Mkoani mara Wesha mara Wete, kupeleka kwa fundi wa faiba. Wenye gari hizi mnazijua, zimeundwa kubeba, sasa ikiwa tupu inakurusha mpaka kichwa kinagusa paa. Bi mkubwa alipanda mara moja tu kutoka Mtambile, alipofika Chake akashika kiuno akanambia mwanangu siku nyengine nikodie gari la ng'ombe, ng'ombe angalau ukimwambia simama anasimama.

Neno lile liliniuma. Kesho yake asubuhi nipo gereji, fundi akachungulia chini akasema shekhe bapa zimezidi hizi, tutoe mbili. Tukatoa. Wallahi wiki ile nilikuwa naendesha teksi, nikawa nacheka peke yangu. Ikaja kazi ya boti kutoka Mkoani, kufunga tela tu nyuma ikachutama kama kuku anataga, pua juu, taa zinamulika minazi, na nyie mnavijua vilima vya Pemba, nashuka stelingi nyepesi kama ya gari la mtoto, nakata kona gari inafikiri kwanza ndo inakuja.

Nikarudi gereji, safari hii nikaongeza bapa tatu nene za lori bovu. Hapo ikabeba kweli, lakini ikiwa tupu mbao tupu, na breki ikawa si ile niloizoea. Sababu yake nilikuja kuijua baadae: gari nyingi za aina hii zina vavu ndogo yenye fimbo iloungwa na ekseli ya nyuma, inasoma nyuma imeshuka kiasi gani ndo inapeleka breki kwa kiasi hicho. Ukiinyanyua gari kwa mabapa, vavu inaona gari haina mzigo, inabana breki za nyuma wakati wewe una tani nzima inakusukuma. Kwa hiyo mtu akikwambia ongeza bapa muulize na hiyo vavu atairekebisha au vipi, akikodoa macho ondoka.

Mzee mmoja fundi wa siku nyingi ndo alonitoa ujinga. Hata chini hakuingia, akauliza tu, upepo umetia ngapi? Mie sijui, anajua mtu wa pancha. Tukapima, psi 60 tairi zote nne! Watu wa pancha wengi wakisikia Cruiser wanajaza mpaka waridhike wenyewe, na wengine wanasoma namba ilopo ubavuni mwa tairi, ile ndo mwisho wa tairi kustahamili, si kipimo cha gari yako. Kipimo chako kipo kwenye kibandiko upande wa mlango wa dereva. Mie tupu naweka 35, nikivuta boti nyuma napandisha kwenye 50, za kwenu fuateni kibandiko na aina ya tairi. Na upime asubuhi gari haijatembea, tairi likishapata moto namba inapanda ikakudanganya. Nusu ya tabu yangu iliisha siku ile, bure.

Nusu nyengine ilikuwa kwenye tela, na hapa wengi hatuangalii kabisa. Mzigo unaokaa juu ya ndoano ya gari uwe kama asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wote wa tela na boti. Ukipungua tela inatikisa mkia, unaendesha wewe lakini anaeamua ni yeye, ukizidi ndo gari inachutama. Kuupima mie nilitumia mizani ya karafuu, tumeiweka chini ya shingo ya tela kwa urefu ule ule wa ndoano, gurudumu tumelitilia kabari. Tela na boti yake vinakaribia kilo 1000, mizani ikasoma 160 na kitu. Kumbe mwenye boti kajaza nanga, madumu ya mafuta na nyavu zote kule mbele omoni! Tukahamisha vitu nyuma kidogo kidogo mpaka ikashuka 115, na gari ikakaa sawa mbele ya macho yetu.

Baada ya hapo ndo nikarejesha springi zake za asili, idadi ile ile ya kiwandani. Tulipozifungua katikati ya bapa kulikuwa na kutu imeganda kama ukoko wa wali, bapa haziterezi tena juu ya wenzake, sasa zitalainika vipi? Zikasuguliwa, bushi mpya, shakeli, vile vyuma vinavyoshika ncha za springi kwenye chesisi, zikapata grisi. Shokapu nazo kuna njia rahisi ya kuzijua: tembea barabara mbovu kama nusu saa, simama, sogeza mkono taratibu kwenye kila moja, inayofanya kazi ina moto, ya baridi imeshakufa siku nyingi. Zangu mbili za nyuma zilikuwa baridi kama maji ya mtungi.

Mwisho kabisa nimetia zile puto za upepo kati ya chesisi na ekseli. Tupu naacha upepo kidogo tu zisijikunje, nikifunga tela najaza mpaka nyuma irudi karibu na urefu wake wa mwanzo, napima kwa futi kutoka katikati ya rimu mpaka ukingo wa bodi. Nzuri, lakini haziongezi kilo hata moja kwenye uwezo wa gari, ukizifanya kisingizio cha kupakia kupita kiasi chesisi itapinda.

Na sie wa pwani tuna adui wetu, chumvi. Ukifika bandarini usiiingize tela majini moja kwa moja, habu za magurudumu zikiwa moto zikakutana na maji ya bahari yalopoa zinavuta maji ndani na beringi kwisha. Subiri zipoe, piga soga na wavuvi, kwanza mara nyingi maji yenyewe hayajajaa. Ukitoka osha kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, tela na springi za gari, usiku ule ule. Juzi nimerudi Wesha saa nne nimechoka, nikasema kesho. Asubuhi nakwenda kuosha, shakeli zishaanza kupiga rangi ya chungwa.