Reli nyepesi ya Addis Ababa: tatizo liko karakana, si relini

Mleta mada ameuliza mambo mawili: Addis Ababa wana treni ya mjini tangu 2015, mbona leo abiria wanasubiri sana vituoni? Na Dar tukijenga ya aina ile, tutakwepaje yaliyowakuta? Wengi huko juu wamekimbilia jibu la "vitu vya Mchina". Sikubaliani nalo. Njia yenyewe ipo na inabeba treni. Kilichopungua ni treni zinazoweza kutoka karakana asubuhi.

Historia kwa ufupi. China Railway Group ndiyo iliyojenga, kwa takriban dola milioni 475, sehemu kubwa ikiwa mkopo wa Exim Bank ya China. Njia ya kaskazini na kusini (Menelik II hadi Kality) ilifunguliwa Septemba 2015, ya mashariki na magharibi (Ayat hadi Tor Hailoch) ikafuata Novemba. Kila moja ina karibu kilomita 17, na katikati ya jiji zinatumia reli zile zile kwa kilomita 2.7 hivi, zenye vituo vitano vya pamoja. Vituo vyote ni 39. Shenzhen Metro, kampuni ya treni za mji wa Shenzhen huko China, walishika uendeshaji miaka ya mwanzo huku wakifundisha wenyeji. Tramu, yaani zile treni nyepesi za mjini, zililetwa 41 kutoka Changchun, China, kila moja vipande vitatu vilivyoungana, sakafu ya chini kwa asilimia 70, umeme wa volti 750 DC kutoka waya wa juu.

Sasa chukueni kalamu. Kilomita 17 kwa wastani wa kilomita 20 kwa saa, vituo vikiwemo, ni dakika 51. Ongeza dakika 9 za kugeuza mwisho wa njia, unapata saa moja. Kwenda na kurudi saa mbili. Ukitaka tramu kila dakika 6, gawanya 120 kwa 6: tramu 20 kwa njia moja, 40 kwa njia mbili. Kwa kawaida unaweka kando asilimia 10 hadi 15 kwa ajili ya matengenezo, lakini hapa inabaki moja! Maana yake hata zote 41 zikiwa nzima, ratiba hiyo haina akiba, na ukiunganisha mbili mbili saa za msongamano ndiyo kabisa. Zikibaki 16, kila njia inapata 8, na abiria anasubiri dakika 15. Tramu ikifika imejaa, anarudi kwenye minibasi.

Kwa nini zinapungua? Anzeni na magurudumu. Kwenye behewa la kawaida magurudumu mawili yamefungwa kwenye ekseli moja, na uso wake una mteremko kidogo, hivyo kwenye kona yanajielekeza yenyewe. Tramu za sakafu ya chini kwa kawaida hazina ekseli kwenye boji (fremu inayobeba magurudumu) ya katikati, kwa sababu pale ndipo abiria wanapokanyaga. Kila gurudumu linazunguka kivyake, halijielekezi, na ule ukingo wa ndani unaolizuia lisitoke relini unasugua chuma kona nzima. Ule mlio mkali mnaousikia kwenye kona unatoka hasa kwa gurudumu linaloburuzwa kiubavu juu ya reli, huku ukingo nao ukilika.

Fundi anapima ukingo kwa geji: urefu, unene na mwinamo. Ukiwa mwembamba, gurudumu linaenda kwenye mashine ya kuchonga. Shida ni kwamba huwezi kuongeza chuma. Ili kurudisha milimita moja ya unene wa ukingo, unakata milimita kadhaa za kipenyo. Halafu magurudumu ya boji moja lazima yalingane, kwa hiyo bovu moja linawapunguzia wenzake umri. Ongeza na breki: Addis ni mji wa milima, na njia ya kusini inateremka. Mvua ikinyesha na sanduku la mchanga unaomwagwa relini ili gurudumu lishike likiwa tupu, gurudumu linagandishwa na breki, linateleza, linapata bapa. Utalisikia likipita: tok, tok, tok. Hilo nalo linachongwa. Kipenyo kikifika kikomo, unaagiza matairi mapya ya chuma kutoka kiwandani, na hayaji kesho.

Hapo ndipo pesa inapoingia. Nauli ilianza kwa birr 2, 4 na 6 kulingana na umbali, wakati dola moja ilikuwa kama birr 21. Yaani safari ndefu kabisa ilikuwa chini ya senti 30 za dola, na vipuri vinalipwa kwa dola ambazo nchi nzima ilikuwa inazigombania. Birr iliachiwa ielee Julai 2024, thamani ikashuka zaidi. Karakana ikikosa vipuri inachomoa vya tramu moja kuponya nyingine, na iliyochomolewa hairudi tena barabarani, maana kila wiki inapungukiwa na kitu kingine.

Mengine nayapitia haraka. Sehemu za njia zilizo usawa wa barabara zimezungushiwa vizuizi katikati ya barabara na vivuko ni vichache, kwa hiyo watu wanaruka, na gari likigonga kizuizi na kuangukia relini, njia nzima inasimama. Umeme nao: mkondo unarudi kwa kupitia reli zenyewe, na viungo vikilegea au mpira wa kuzuia umeme ukichakaa, mkondo huo unavuja ardhini na kula mabomba ya maji. Hili halionekani hadi bomba litoboke.

Kuhusu Dar: msihangaike na rangi ya tramu. Kwenye zabuni dai magurudumu, vyuma vya breki na kaboni za kupokea umeme za miaka mitano ndani ya bei ya ununuzi, na mashine ya kuchonga ifungwe kabla ya tramu ya kwanza kushuka bandarini. Nauli ipitiwe kila mwaka kwa kanuni iliyoandikwa, si kwa kusubiri tamko. Na chagueni upana wa reli wa milimita 1,435 kama SGR, si 1,000 ya reli ya zamani wala 1,067 ya TAZARA, halafu muulize mapema kama mashine ya SGR inaweza kuchonga gurudumu dogo la tramu.